Sumaku Mfukoni

Kwenye leseni ya biashara nimeandikwa fundi bodi, lakini ukifika stendi ya mabasi ya Bweri, Musoma, ukauliza fundi bodi, utaonyeshwa vijana wengi kabla hujafikishwa kwangu. Uliza mzee wa mabampa. Bampa, shoo ya mbele, mikanda ya ubavuni, fremu za vioo, vifuniko vya magurudumu: kitu chochote cha kung'aa kilichofungwa kwenye gari la zamani, hiyo ndiyo kazi iliyonisomeshea watoto.

Niliingia gereji mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati hata sabuni ilikuwa ikipangiwa foleni, sembuse vipuri. Mzee aliyenifundisha alikuwa mtu wa Peugeot 404 na hakutaka kusikia gari jingine. Ukimbishia, alikukumbusha kwamba Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, alishinda Safari Rally mwaka 1966 na tena 1967 akiwa ndani ya 404. Ubishi uliishia hapo. Magari yale yalipochakaa hayakubadilishwa, maana ya kubadilishia hayakuwapo, na mwenye gari alitaka ling'ae siku ya Jumapili hata kama petroli ya kulitembeza hana.

Dawa ya kung'arishia ilikuwa adimu. Brasso tuliiona kwa askari, waliokuwa wakisugulia vifungo vya sare na bakali za mikanda. Sisi wengine tulichekecha majivu kwa kitambaa, tukatumia dawa ya meno, tukaokota pakiti za sigara na kutoa ile karatasi ya fedha ya ndani. Majivu nimeyaacha, karatasi sijaiacha, ila siku hizi nanunua roli ya alumini ya jikoni. Unaikunja, unaichovya kwenye maji, unasugua kutu ya bampa taratibu. Alumini ni laini kuliko kromu, kwa hiyo kutu inatoka na kromu haikwaruziki. Kijana akichukua msasa kwa kazi hiyohiyo, bampa limekwisha. Tabaka la kromu mara nyingi halifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Chini yake kuna nikeli, nene zaidi, na pengine shaba chini ya nikeli. Bampa likianza kuonyesha umanjano hafifu, usidhani ni uchafu ukazidi kukazana: umeshatoboa kromu, unasugua nikeli.

Lakini kusugua kulikuja baadaye. Mwanzoni mzee alinipa sumaku aliyoichomoa kwenye spika mbovu ya redio, akaniambia nisiguse ukanda wowote kabla ya kuuliza sumaku. Ikinasa, mara nyingi ni chuma kilichopakwa kromu. Isiponasa, ndipo kichwa kinapohitajika. Huenda ni chuma kisichoshika kutu, au alumini, au ule mchanganyiko wa zinki waliokuwa wakiumimina kwenye vishikio vya milango na nembo. Vyote vinang'aa sawa vikiwa vipya, na kila kimoja kinakufa kivyake.

Chuma kisichoshika kutu ndicho kipenzi changu, kwa sababu hakikupakwa kitu; kilivyo nje ndivyo kilivyo ndani. Kimebonyea, unakilaza kwenye ubao na kukigonga kwa nyuma kwa nyundo ndogo, pigo jepesi jepesi, kisha msasa namba 400, 600, 1000, 2000, halafu gurudumu la kitambaa kwenye mota. Umeme ukikatika katikati ya kazi, unakaa barazani na kusubiri, kwani mkono hautoi mng'ao ule.

Alumini ina hila. Kiwandani waliipa ngozi ngumu isiyoonekana, na ngozi hiyo ikizeeka inakuwa na ukungu ambao hakuna dawa ya kopo inayouondoa. Lazima uivue. Ninaivua kwa kostiki soda, ileile wanayopikia sabuni akina mama wa Nyasho, iliyozimuliwa kwa maji mengi. Glovu, miwani, na macho yasibanduke kwenye beseni: soda ikimaliza ngozi inaanza kula alumini yenyewe. Ukienda kupokea simu, utarudi ukute ukanda umeliwa. Na ukishaivua, mwenye gari akubali kuipaka nta mara kwa mara, maana kinga yake imeondoka.

Zinki ikishaota vipele, namwambia mteja ukweli. Uozo upo ndani. Kuisugua ni kuchimba mashimo zaidi.

Siku moja alikuja mzee wa Tarime na Mercedes ya miaka ya 1970, binti yake anaolewa. "Mura," aliniambia, "piga silva tu, harusi ni Jumamosi." Rangi ya silva juu ya kromu haishiki, uso ni laini mno, na baada ya mvua chache inabanduka kama ngozi ya nyoka. Nilimsafishia bampa likabaki na vidoa vyeusi vya hapa na pale. Alivitazama, akasema heri yeye amezeeka pamoja na gari lake, akalipa.

Vijana wangu wameona kwenye simu jinsi ya kupaka kromu upya kwa tangi na umeme, na kila mwaka kuna mmoja anayetaka tulijenge. Nimekataa na nitaendelea kukataa. Maji ya kromu yanayotumika kwa kazi hiyo yana sumu kali, mvuke wake unaleta saratani ya mapafu, na maji machafu ya Musoma mwisho wake ni Ziwa Victoria, tunakovua sangara na dagaa. Bampa lisilo na namna nyingine linavuka mpaka wa Sirari kwenda Nairobi kwenye viwanda vyenye vifaa, na mwenye gari anajua bei. Hata huko wanalikwangua kwanza, na kona zilizokuwa kali zinarudi butu.

Sehemu kubwa ya ujira wangu, kwa kweli, iko mahali pasipoonekana. Unyevu wa ziwa na vumbi vinakaa nyuma ya ukanda, kwenye vibanio, na hapo ndipo bodi inapoanza kuoza. Ninavua ukanda kwa kabari ya mti, kamwe si kwa bisibisi, nasafisha kutu, napaka rangi, nabadilisha vibanio. Mteja haoni kitu ila analipia.

Sasa wanunuzi wa vyuma chakavu wanapita na mizani hadi vijijini Butiama na Bunda. Kama nyumbani kwenu kuna gari la baba limekaa chini ya mwembe, msiwauzie mikanda yake kwa kilo. Ivueni, ifungeni kwenye gunia, iwekeni darini. Injini ya 404 nikitafuta nitaipata. Ukanda wa mlango wake wa kushoto nimeutafuta hadi Nairobi na sijaupata.