Likizo kwa Bibi, Kilwa Kivinje

Akina mama wenzetu, siku hizi ni rahisi kudhani kwamba mzazi aliye mbali ametunzwa, maadamu amepigiwa simu na kutumiwa fedha za matumizi. Lakini simu husikia sauti tu, haioni mguu. Jambo hili lilidhihirika likizo ya Juni, tulipowapeleka watoto wetu watatu, mkubwa wa miaka minane na mdogo wa miaka miwili, kwa bibi yao mzaa baba huko Kilwa Kivinje.

Safari hii ilikuwa na uzito wake. Baba wa watoto alizaliwa katika nyumba ya Kiislamu, akabatizwa ukubwani, na ndoa yetu ikafungwa kanisani. Ndugu hawakututenga, ila kila upande uliona haya mbele ya mwenzake. Salamu zilikwenda na kurudi, miguu haikwenda. Watoto walimjua bibi yao kwa picha.

Tuliondoka Dar es Salaam alfajiri kwa basi la Lindi. Zamani njia hii ilikuwa mtihani. Magari yalisubiri pantoni pale Ndundu ili kuvuka Mto Rufiji, na wakati wa masika abiria waliweza kulala njiani. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilomita moja, lilifunguliwa mwaka 2003. Hata hivyo, masika si wakati wa kusafiri na watoto wadogo huku. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara hii wilayani Kilwa. Juni ni kukavu. Tulibeba maji yaliyochemshwa, ndizi, viazi, chandarua, na paketi za chumvi ya kuchanganya na maji endapo mtoto angeharisha. Tulishuka Nangurukuru, tukapata gari dogo la kutufikisha Kivinje.

Kivinje ni mji wa kale ulio ufukweni. Misafara kutoka upande wa Ziwa Nyasa iliishia hapa, ikileta pembe za ndovu na watumwa. Ni mji unaokumbuka pia Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na wazee huwasimulia watoto habari za mashujaa walionyongwa na Wajerumani.

Bibi alitupokea barazani. Watoto walipomwamkia, alimvuta yule mdogo kifuani akasema, "Marahaba, mume wangu. Mbona umechelewa kuja kuoa?" Watu wote wakacheka, na haya ikapungua.

Tulikuwa tumekubaliana tangu nyumbani kwamba tutaheshimu bila kujificha. Tulijitanda khanga, tukala kilichopikwa jikoni kwa bibi: wali wa nazi, samaki, na ming'oko, mizizi ya porini ambayo watu wa Lindi na Mtwara huichemsha na kuipenda sana. Bibi aliposwali, watoto walitulia. Jioni nasi tulisali chumbani kwa sauti ya kawaida. Mtoto wetu wa kati aliuliza mbele ya wageni kwa nini bibi anainama hadi chini. Bibi akamjibu, "Namshukuru aliyekuleta."

Siku ya pili, alipovua makubadhi ili atawadhe, tuliona kitambaa unyayoni. Alisema ni mwiba wa siku nyingi, wala haumuumi. Sisi wauguzi tunajua kwamba kidonda cha unyayo kisichouma ndicho cha kuogopwa. Asubuhi tulimpeleka hospitali, wakampima, na sukari ikaonekana iko juu. Ugonjwa wa kisukari huua hisia za miguu, damu nayo hupita kwa shida, hivyo mtu hukanyaga kidonda bila kujua mpaka mguu mzima unakuwa hatarini. Kidonda kilisafishwa, akaanzishiwa dawa.

"Mama, mbona hukutuambia kwenye simu?"

Alinyamaza kidogo. "Mngedhani nawalazimisha kuja."

Maneno hayo yalituchoma. Si ubishi wa dini uliotaka kumpotezea mama mguu wake, bali ile adabu ya kuogopana.

Bibi mwenyewe alisisitiza watoto wakaone Kilwa Kisiwani. Kutoka Kilwa Masoko, baada ya kupata kibali, mashua hufika upesi. Tuliona Gereza karibu na maji, Msikiti Mkuu wenye kuba na nguzo za matumbawe, na Husuni Kubwa, jumba la sultani lililojengwa karne ya 14. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akausifu uzuri wa mji, na UNESCO iliyaingiza magofu hayo pamoja na ya Songo Mnara katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mkubwa wetu alishangaa kwamba mji huu ulifua sarafu zake wenyewe. "Kumbe kwao baba ni kukubwa!" alisema. Kitabu cha shule kisingempa fahari hiyo.

Kisha tulishuka hadi Lindi, mji ulio kwenye ghuba ambamo Mto Lukuledi unaingia baharini, anakoishi wifi yetu. Tulikaa naye jioni nzima tukapanga: nani atampeleka mama kliniki, nani atanunua dawa, nani atamkagua miguu kila jioni. Tangu siku hiyo wifi anatupigia simu bila kuzungukazunguka.

Usiku wa mwisho, huko Kivinje, bibi alikuja mwenyewe mlangoni wakati wa sala yetu. Mtoto wa kati aliuombea mguu wake kwa jina. Bibi akaitikia, "Amina."

Wenzetu, Ruthu na Naomi walitoka mataifa mawili, wala Ruthu hakumtunza mkwewe kwa salamu za mbali. Mnapowapeleka watoto kwa wazee likizo hii, msiridhike na jibu la "hatujambo." Tazameni miguu yao, macho yao, sufuria zao na dawa zao. Imani yetu haitapungua kwa kukaa barazani kwa mkwe asiye wa dini yetu. Huenda hapo ndipo Mungu anapotusubiri tuifanyie kazi.