Pikipiki ya kuendea sokoni

Mwalimu mmoja wa Korogwe alitaka pikipiki ya shuleni, sokoni Manundu na kurudi nyumbani, basi. Mumewe, mzaliwa wa Handeni, aling'ang'ania Boxer ya cc 150. "Siku mama akituita Handeni je?" Ni kilomita 65 za lami, na huko huenda kwa basi, mara mbili kwa mwaka.

Dukani mwalimu alizikalia moja moja. Boxer ilimwacha akigusa chini kwa ncha za vidole, ikilala, haiinui. Skuta ilikubaliana na gauni lake, lakini magurudumu yale madogo hayapendi mchanga wa vichochoroni. Akachukua ya muundo wa Honda Cub, ule wa tangu 1958: nyepesi, haina tangi katikati ya mapaja, gia unakanyaga bila kushika klachi.

Ubishi umebaki kwa mtoto wa miaka 6. Kanuni za bodaboda za 2010 zinakataza kubeba mtoto wa chini ya miaka 9. Baba anasema hizo ni za biashara. Mama amenunua kofia ngumu moja tu, yake.