Oicha: Mama asiyejua Kifaransa anatayarisha binti yake kwa mtihani wa taifa

Mtihani wa taifa wa mwisho wa shule ya msingi, ambao wazazi wengi bado wanauita Tenafep, unafanyika kwa Kifaransa. Mtoto aliyesoma miaka ya kwanza kwa Kiswahili huko kijijini, kisha akakimbia na wazazi wake mpaka Oicha, anakuta wenzake wamefika mbali. Wilaya ya Beni inaijua hali hiyo tangu mauaji ya mwaka 2014. Na kuna maswali yanayowasumbua sana watoto hao: tafuta neno lenye maana sawa, tafuta neno kinyume.

Mama mmoja aliyetoka upande wa Eringeti anauza ndizi na kuni kando ya barabara. Binti yake yuko mwaka wa sita. Mama aliacha shule mapema, lakini ni yeye aliyeona shida ya mtoto iko wapi, si kaka mkubwa anayesoma sekondari.

Binti alikuwa ameshika maneno kwa kichwa, mawili mawili, kama wimbo. Kinyume cha « vieux » ni « jeune », basi. Mwalimu alipotoa « un vieux vélo », akaandika « un jeune vélo », yaani baiskeli kijana. Darasa zima likacheka, na mtoto akarudi nyumbani akisema hatarudi shuleni.

Mama akamuuliza kwa Kiswahili: « Kinyume cha ndizi mbichi? »
« Ndizi mbivu. »
« Na kuni mbichi? »
« Kuni kavu. »
« Na nyama mbichi? »
« Iliyopikwa, mama. »

Neno moja, vinyume vitatu, na mtoto alivijua vyote bila kufundishwa. Kaka yake akayaweka kwa Kifaransa: banane verte, banane mûre, bois vert, bois sec, viande crue, viande cuite. Toka siku hiyo hakuna neno linaloshikwa peke yake. Kila jioni ni maneno matano, kila moja ndani ya sentensi fupi, yakiandikwa kwa makala juu ya ubao wa zamani ili kaye isiishe. Maneno yenye maana sawa nayo yanapita njia hiyo hiyo, ingawa hayo ni mepesi kidogo.

Jioni moja likaja « partir ». Binti akaandika « rentrer ». Kaka akataka kufuta: mwalimu alitoa « rester ». Mama akakataa. Kwa familia iliyoacha shamba lake, kinyume cha kuondoka ni kurudi, na mtoto hakukosea. Lakini siku ya mtihani majibu yanakuwa yameandikwa tayari, na mtoto anachagua moja kati ya hayo. Kwa hiyo mama akaomba yaandikwe yote mawili, na binti ajifunze kusoma majibu yote kwanza kabla ya kushika biki.

Juma hili wamefika kwa « prêter » na « emprunter », kukopesha na kukopa, ambayo watoto wengi wanayachanganya. Hapo mama hahitaji msaada wa mtu: anazo deni za wateja wa ndizi, na binti ndiye anayezihesabu.