Mwalimu wa UPE na bahasha za dawa za wazee

Katika mtaa anaoishi Uyole, jijini Mbeya, ni wachache wanaolijua jina lake. Watoto humwita Bibi Mwalimu. Watu wazima humwita Mwalimu tu, hata waliomzidi umri. Yeye hucheka, kwa sababu anakumbuka kwamba alipoanza kazi mwaka 1976 wapo waliokataa kumwita hivyo.

Alizaliwa Mufindi, mkoani Iringa, mwaka 1957, baba yake akiwa kibarua wa mashamba ya chai. Alimaliza darasa la saba wakati nchi inahangaika kutafuta walimu. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka watoto wote wa umri wa shule wawe darasani ifikapo Novemba 1977, na vyuo vya ualimu havingeweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda huo. Vijana wa darasa la saba wakachukuliwa. Walifundisha, na baada ya vipindi wakasoma wenyewe kwa masomo ya posta na ya redio. Hao ndio walimu wa UPE, jina ambalo wengi walilitamka kwa kejeli.

"Watoto wengine walikuwa wananizidi urefu," anasema. "Usiku nasoma, asubuhi nafundisha nilichosoma."

Jioni kulikuwa na darasa jingine, kisomo cha watu wazima. Kina mama walitoka shambani na watoto mgongoni, wakakaa kwenye madawati ya watoto wao. Mama yake mzazi alikuwa mmoja wao. Siku alipoandika jina lake mara ya kwanza, aliomba kile kipande cha karatasi aende nacho nyumbani.

Mwalimu alipanda daraja kwa kujiendeleza, akastaafu mwaka 2017 akiwa na miaka 60. Yeye na mumewe, aliyekuwa karani, wakahamia Mbeya karibu na binti yao. Kutoka kwenye "kamwene" ya nyumbani hadi kwenye "ndaga" ya majirani wapya haikuwa safari ndefu kwa gari, lakini ilikuwa ndefu kwake. Kwa miezi mingi aliamka alfajiri, akavaa, kisha akakaa kitandani. Hapakuwa na kengele ya kuwahi.

Mwaka 2019 mumewe alipatwa na kiharusi, akafariki baada ya siku chache. Alikuwa na shinikizo la damu. Alitumia dawa kwa miezi mitatu, akajiona mzima, akaacha.

"Mume wangu alijua kusoma kuliko mimi," anasema Mwalimu. "Kila kitu kwenye bahasha ya dawa alikisoma. Ila alidhani bahasha ikiisha, na ugonjwa umeisha."

Baada ya msiba, jirani alimchukua kwenye kikundi cha wazee wanaokutana kila Jumamosi kuweka akiba na kujuliana hali. Huko alimwona bibi mmoja akitoa bahasha tatu za dawa kwenye upindo wa kitenge. Alikuwa anazitambua kwa rangi ya vidonge tu. Safari hiyo alipewa dawa ile ile ikiwa na rangi nyingine, akaiacha akidhani si yake.

Jumamosi iliyofuata Mwalimu alikwenda na chaki na ubao mdogo. Somo la kwanza lilikuwa 1x2 na 2x1. Darasani, aliwaambia, jibu ni moja. Kwenye bahasha si sawa: ya kwanza ni kidonge kimoja kutwa mara mbili, ya pili ni vidonge viwili kwa mara moja. Wazee waliopita kisomo cha zamani walikumbuka haraka. Wengine walianza na tarakimu, kisha jina la dawa, kisha tarehe ya kurudi kliniki.

Somo la pili halihitaji kusoma. Linahusu kile kilichomponza mumewe. Shinikizo la damu linaweza kuwa juu bila mtu kuumwa popote, kwa hiyo kujisikia vizuri si dalili kwamba ugonjwa umeisha. Anayetaka kuacha au kupunguza amuulize kwanza mtabibu. Kila mzee anafundishwa kuuliza maswali matatu dirishani: dawa hii ni ya nini, naitumiaje, na ikiisha nifanye nini?

Chaki ananunua kwa pensheni yake. Watoto wake humwambia apumzike, naye huwajibu kwamba alishapumzika mwaka mzima na nusura afe kwa kupumzika.

Mwezi uliopita mzee mmoja wa kikundi alipewa dawa kwenye bahasha isiyoandikwa kitu. Zamani angeitia mfukoni na kuondoka. Safari hii aliirudisha dirishani, akaomba iandikwe, akasubiri mpaka ikaandikwa. Aliposimulia Jumamosi, wenzake walimpigia makofi kama mtoto aliyefaulu mtihani.