Jino Nililolidhania la Utotoni

Mwanangu wa kwanza alipotimiza miaka sita, gego lilimwota nyuma ya meno yake yote. Kwa kuwa hapakuwa na jino lililong'oka kulipisha, nililidhania la utotoni. Lilipoingia weusi, nikasema litang'oka lenyewe. Alipofika miaka tisa hakulala kwa maumivu, na daktari wa meno hakuwa na budi ila kuling'oa. Lilikuwa jino la kudumu. Halioti tena.

Nilijitetea kwamba nyumba yetu haikosi mswaki, sunna ya Mtume wetu (S.A.W.). Daktari akanielewesha kwa upole: uso wa gego una mianya myembamba kuliko nyuzi za mswaki. Chembe ya kaimati ikinasa humo, vijidudu huigeuza sukari kuwa asidi, nayo hula jino polepole.

Magego ya mdogo wake yalipoota, nilikwenda mapema. Daktari aliyasafisha, akayakausha, akaziba mianya kwa utando mwembamba wa plastiki, kisha akaugandisha kwa mwanga. Hapakuwa na sindano wala kuchimba.

Kabla ya hapo baba yao aliniuliza, "Tulipie jino zima, lisilouma?" Lilikuwa swali la haki. Nikamwekea mezani stakabadhi za jino la kaka yake: dawa, picha, kung'oa, mbali na siku za kazi zilizopotea. Zilizidi gharama ya kuziba magego yote manne. Akanyamaza, akatoa fedha.

Hesabu yetu haiko peke yake. Taasisi ya afya ya Marekani, CDC, ilieleza mwaka 2016 kuwa utando huo huzuia asilimia 80 ya matundu ya magego kwa miaka miwili, na bado huzuia nusu hadi miaka minne. Faida ni kubwa zaidi kwa mtoto aliye katika hatari ya kuoza meno. Hata hivyo utando huweza kubanduka, hivyo hukaguliwa. Wala hauondoi haja ya mswaki na dawa yenye floraidi.

Mama mwenzangu, usiku wa leo mwambie mwanao afunue kinywa. Hesabu kutoka jino la mbele la katikati kwenda nyuma. La sita, likiwapo, si la utotoni. Mimi nililihesabu nikiwa nimechelewa.