Doa lisilo na mwenyewe

Wapendwa vijana, kila nyumba hupata siku moja doa lisilo na mwenyewe. Alama yaonekana sakafuni au kwenye shuka, na kila anayeulizwa asema si yeye. Hapo moyo hutafuta jina kwa haraka, na mara nyingi jina linalopatikana ni la yule asiye na mtetezi.

Katika msimu mmoja wa mvua, nyumbani mwetu yalianza kuonekana matone mekundu mepesi juu ya simenti, karibu na beseni la nguo. Kwenye kona za kuta kulikuwa na weusi wa mafuta, na pazia lilitoa harufu kali. Tuliishi na mtoto wa miaka minane, yatima wa ndugu yetu, aliyetufikia akikimbia vita. Jirani mmoja akatunong'oneza kwamba damu isiyo na kidonda si jambo la kawaida, na kwamba tangu mtoto huyo aingie, hata paka wetu amebadilika. Afadhali apelekwe kwenye chumba cha maombi, afunguliwe.

Tunajua neno kama hilo huelekea wapi. Katika miji yetu wako watoto wanaolala barabarani kwa sababu waliitwa wachawi nyumbani kwao. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 inamwadhibu anayefanya hivyo.

Mama akasema: «Lisitajwe jina la mtu kabla doa halijatazamwa.» Tukalitazama. Weusi wa ukutani ulikuwa chini, kwenye kimo cha shavu la paka: pale husugua uso wake kila siku na kuacha mafuta ya ngozi yake. Harufu ya pazia nayo ilieleweka, maana paka dume asiyehasiwa hugeuza mgongo, huinua mkia na kurusha mkojo kwenye kitu kilichosimama, hasa akinusa dume mwingine nje. Yakabaki matone. Mtoto alipokwenda kulala siku mbili kwa shangazi yake, matone hayakukoma. Ndipo tukamwona paka akichuchumaa mara kwa mara karibu na beseni, akilia na kutoa tone moja moja. Mganga wa mifugo alimpima, akasema kibofu chake ni kigonjwa na mkojo umechanganyika na damu. Akaongeza kwamba dume akishindwa kabisa kukojoa, hufa kwa siku chache asipotibiwa.

Hapakuwa na mchawi. Palikuwa na mnyama mgonjwa, na mtoto aliyekuwa ameanza kuogopa macho ya watu.

Kitabu cha Danieli, sura ya 13, chasimulia habari za Suzana. Watu waliwasadiki washitaki wake wawili kwa kuwa walikuwa wazee na waamuzi. Danieli, kijana kama ninyi, aliwatenganisha, akamwuliza kila mmoja alichokiona kilitendeka chini ya mti gani. Majibu hayakupatana, na swali hilo dogo likamwokoa asiye na kosa. Yezu naye, wanafunzi walipomwuliza ni dhambi ya nani iliyomfanya mtu azaliwe kipofu, hakumtaja mkosaji, bali alimponya (Yn 9).

Imani haituagizi kufumba macho. Kuuliza doa liko wapi, kwa kimo gani, lilitokea lini, na nani hakuwapo, ni tendo la upendo, kwa maana ukweli ndio ukuta wa mnyonge.

Juma hili, mkisikia jina la mtoto likihusishwa na jambo lisiloelezeka, lisipite kwenu kwenda kwa mwingine. Ulizeni kilichoonekana, kisha mwendeeni mtoto huyo, mkae naye. Mungu wa haki atujalie macho yenye subira na ndimi zisizotangulia macho. Amina.