Nani Aliyekuwako Akaona?

Ndugu msomaji, nataka kukusimulia swali lililonitia aibu. Mwaka wa kwanza baada ya kutoka chuo cha ualimu, niliwaeleza wanafunzi wangu kwamba yapata miaka milioni 34 iliyopita dunia ilipoa, barafu ikaanza kuifunika Antaktika. Mvulana mmoja akanyosha mkono, akauliza, "Mwalimu, nani aliyekuwako akaona?" Darasa likaangua kicheko. Nami, kwa kuwa sikuwa na jibu, nilimwita mtovu wa adabu, nikamwamuru aketi.

Jibu nililipata baadaye vitabuni, wala halikuwa mbali. Katika pwani ya kusini ya Tanzania, pande za Kilwa na Lindi, wataalamu walitoboa ardhi wakatoa udongo wa mfinyanzi ambao zamani ulikuwa tope la sakafu ya bahari. Ndani yake mna magamba ya viumbe viitwavyo foraminifera, vingi vyao vidogo kama chembe ya mchanga. Viumbe hivyo vikifa, magamba huzama, tabaka juu ya tabaka, mfano wa kurasa za daftari. Kimoja chao, Hantkenina, kilikuwa na miiba. Mtaalamu akitazama kwa hadubini kutoka tabaka la chini kwenda la juu, hufika mahali ambapo miiba ile haionekani tena. Hapo ndipo mpaka wa zama za Eosini na Oligosini, ambao kielelezo chake kiliwekwa rasmi huko Massignano, Italia, mwaka 1992.

Magamba hayo yanatunza pia habari za baridi. Maji yenye oksijeni nyepesi hugeuka mvuke kwa urahisi zaidi. Yakianguka kama theluji na kuganda juu ya nchi kavu, bahari hubakiwa na oksijeni nzito zaidi, na gamba hujengwa kutokana na maji hayo hayo. Karibu na mpaka ule, oksijeni nzito huongezeka katika magamba.

Basi shahidi alikuwako, naye aliandika. Lakini nilipomjua, yule mvulana alikuwa amekwisha kuondoka shuleni, na deni langu kwake sijalilipa. Tangu hapo, mwanafunzi akiniuliza nisilolijua, humwambia, "Sijui, na tutafute pamoja." Nawe, msomaji, ukiambiwa jambo la kale, uliza kwa heshima: shahidi wake ni nani?